Akiba ya Marehemu Jilala na Fomu Aliyoijaza Mwenyewe

MWAMBA MGUMU SACCOS, KATORO

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Bodi, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ofisi ya chama, nyuma ya soko. Kiliitishwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:20.

Waliohudhuria:
Ndg. Luka Mihayo – Mwenyekiti
Bi. Zipora Shija – Makamu Mwenyekiti
Ndg. Wiliam Ntemi – Mjumbe
Bi. Asteria Kulwa – Katibu

Walioalikwa:
Mayu (Mama) Mariana wa Nkome, bibi wa mtoto Martina
Bi. Naznin (Mama Nurjahan), mwanachama, mwenye duka la vifaa vya uchimbaji

Asiyehudhuria:
Bi. Paskalina Maduhu – Mjumbe, yuko msibani Shinyanga, kwa taarifa

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Aliwakumbusha wajumbe kwamba ni yeye aliyesimama kwenye mkutano mkuu akahimiza kila mwanachama ajaze fomu ya mrithi, "maana kifo hakibishi hodi." Wajumbe walikiri kwamba alisema hivyo, na kwa kirefu.

KUMB. NA. 2/6/2025: NANI AONGOZE

Makamu alieleza kwamba shauri lililopo linahusu akiba ya marehemu Jilala Mihayo, mwenye duara (shimo) la kuchimba dhahabu, aliyefariki mwezi Aprili kwa maradhi ya kifua. Kwa kuwa marehemu ni kaka yake Mwenyekiti, haifai Mwenyekiti aongoze. Mwenyekiti alisema yeye hana maslahi yoyote. Baada ya mjadala wa dakika ishirini alihamia kiti cha pili kutoka alipokuwa. Makamu aliongoza.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAOMBI YA UKOO

Ndg. Luka aliwasilisha muhtasari wa kikao cha ukoo, unaomteua yeye kupokea akiba yote kwa niaba ya Martina, miaka 13, mtoto pekee wa marehemu. Mama wa mtoto alishafariki, na mtoto anaishi Nkome kwa bibi yake mzaa mama, mwanika dagaa. Alieleza kwamba ukoo umeshapanga kununua pikipiki ya bodaboda ili imzalishie mtoto.

Ndg. Wiliam aliuliza nani ataiendesha. Ndg. Luka alijibu kwamba ni mwanawe mkubwa, ambaye leseni yake iko njiani.

Mayu Mariana aliomba nafasi. Alisema mjukuu wake anatembea saa mbili kwenda shule, amepata nafasi ya bweni Geita kuanzia Julai, na asipofika nafasi itapewa mwingine. Alisema tangu mazishi hakuona mtu wa ukoo mpaka wiki iliyopita. "Walikuja watatu kuulizia cheti cha kuzaliwa. Mtoto hawakumuulizia. Dagaa niliwapa. Cheti sikuwapa."

Ndg. Luka aliomba maneno hayo yasiandikwe. Makamu alikataa.

KUMB. NA. 4/6/2025: FOMU YA MAREHEMU

Katibu alifungua bahasha mbele ya wote na kusoma. Mrithi: Martina Jilala. Msimamizi wa amana mpaka mtoto atimize miaka 18: Naznin, Mama Nurjahan.

Ndg. Luka alisema fomu imeghushiwa. Katibu alimwonyesha kwamba shahidi aliyeisaini ni Ndg. Luka mwenyewe. Ndg. Luka alieleza kwamba alisaini bila kusoma, kwa sababu alimwamini kaka yake.

Kisha aliuliza, kwa sauti ya juu, "Ndugu tupo tele, aje apewe mwenye duka? Ukoo wake upi?"

Bi. Naznin alitakiwa kujibu. Alisema, "Mwenyekiti, hata mimi nilimuuliza marehemu. Baba Martina alikuwa anakuja dukani kuomba kamba na nyundo kwa mkopo, namkatalia. Miaka tisa namkatalia. Siku moja akaja na hiyo fomu, akacheka, akasema, 'Mama Nurjahan, natafuta mtu anayejua kusema hapana. Kwetu hatunaye. Mimi mwenyewe sijui, na Luka ndiyo kabisa.'"

Ndg. Wiliam alicheka na akaomba radhi.

Azimio: Akiba ibaki chamani kama amana ya Martina. Itolewe kwa mahitaji ya mtoto tu, kwa saini ya Bi. Naznin na ya Mayu Mariana. Gharama za bweni zipelekwe shuleni moja kwa moja kabla ya Julai. Waliokubali ni Makamu na Ndg. Wiliam. Ndg. Luka hakupiga kura, na alitaka ieleweke kwamba ni kwa hiari yake.

Mayu Mariana alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akafunga kanga yake upya.

KUMB. NA. 5/6/2025: MENGINEYO

Ndg. Luka aliomba faili lake. Alisema anataka kuhakikisha kwamba mambo yake hayatakuja kujadiliwa namna hii. Katibu alimpa. Aliifungua fomu yake ya mwaka 2016 na kusoma kwa sauti mwenyewe: mrithi na msimamizi wa watoto wake wote watano, Jilala Mihayo.

Hakuendelea kusoma. Alisema, "Mimi nilimwandika yeye."

Mayu Mariana alimwambia, "Pole, baba."

Makamu alieleza, kwa upole, kwamba jina la marehemu haliwezi kubaki kwenye fomu. Ndg. Luka alipewa fomu mpya. Aliandika majina ya watoto watano. Nafasi ya msimamizi aliiacha wazi, akaomba kwenda kuzungumza na mkewe kwanza. Alikubaliwa.

Kisha alimuuliza Mayu Mariana shule inafunguliwa tarehe ngapi. Alipojibiwa, alisema atakwenda Nkome kumchukua Martina na kumfikisha bweni yeye mwenyewe, kwa nauli yake.

Makamu aliagiza ahadi hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu. Ndg. Luka aliuliza kama ni lazima iandikwe.

Imeandikwa.

KUMB. NA. 6/6/2025: KUAHIRISHA

Makamu aliahirisha kikao saa 7:05 mchana.

Zipora Shija ................ Makamu Mwenyekiti (aliyeongoza)

Luka Mihayo ................ Mwenyekiti

Asteria Kulwa ................ Katibu