Kazi Ambayo Mkataba Haukuitaja

Mke wangu Neema,

Huku Kibakwe tu wazima kwa kadiri ya umri. Mvua imetukwepa, na bibi yako amenuna kwamba mke mwenzake hapigi simu.

Umeuliza kama kliniki yenu iajiri wafagiaji wake au ikodi kampuni. Uongozi sikuusomea, ila niliwahi kunyoosha mkono kupitisha jambo kama hilo.

Nilikuwa kijana kwenye kamati ya zahanati yetu. Usafi aliufanya Mama Chilewa, polepole, huku akipiga soga. Tukamwondoa, tukaleta kampuni ya mjini. Sakafu iling'aa hadi wagonjwa wakawa wanavua viatu mlangoni.

Baada ya muda wajawazito wakaacha kuja. Nikamuuliza mama yangu.

"Kondo la nyuma mnalichoma na taka," akasema. "Mama Chilewa alikuwa analifunga vizuri, anatukabidhi tukazike nyumbani. Sasa nani alete binti yake?"

"Mama, mkataba unasema taka zote zichomwe."

"Basi huo mkataba ndio uje ujifungue."

Nilicheka. Nikapanga kulisema kwenye kikao kijacho, maana nilikuwa mtu wa utaratibu. Kabla ya kikao, dada yangu alijifungulia nyumbani, tukamzika. Mtoto alipona, ndiye mama yako.

Kampuni haikukosea. Ilifanya yote tuliyoandika. Wewe, kabla hujaandika mkataba, shinda siku nzima na mfagiaji wenu.

Baada ya maziko nilikwenda kwa Mama Chilewa. Alinipa uji, hakunisema. Bora angenisema.

Babu yako