Jaribio la Mfuko

Ijumaa jioni, Agosti 1994

"Mwanamke wa miaka arobaini na saba habebi mfuko mgongoni kwenda nchi za watu, isipokuwa anatoroka." Hivyo ndivyo shemeji Kamau alivyotangaza jana, mdomo umejaa ugali wangu. Yeye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Nilimjibu kwamba wanaume huita kutoroka kila safari ambayo hawakuombwa ruhusa. Akajiongezea mboga, nami nikajiona shujaa.

Leo nimeujaza ule mfuko vitu vyote vya safari yangu ya Malawi, hadi blanketi na sufuria, nikaubeba kutoka hapa Gitothua mpaka relini nione kama nitauweza. Mama wa mboga akaniita, "Mama Wanjiru, kwani mmekosana na mzee?"

"Nafanya mazoezi."

"Haya. Lakini urudi mapema, watu wasiseme."

Nilicheka. Nilipofika relini nilitaka kuutua mfuko na kuahirisha safari, na si kwa uzito. Nimebishana na wabunge gazetini bila woga, lakini naogopa kuugua njiani, Mbeya, kwenye chumba cha watu wasiojua hata jina langu.

Tangu nirudi natafuta visingizio. Viatu vinabana. Mzee ana kikohozi. Kikohozi hicho kiliisha Julai, na ni yeye aliyeninunulia mfuko.

Wanangu Wanjiru na Njeri, najua mnasoma shajara hii nikienda kanisani. Jumatatu alfajiri, siku ya kuondoka, mkinikuta bado jikoni, msinihurumie. Nitoeni nje na mfuko wangu, kisha mfunge mlango.