Alhamisi Simu Ikiita, Usipokee

Maskati

Mayo, mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mahindi ya Kwihara yamebeba? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Barua hii anakuletea Bwana Seif, yule mwenye duka Mtendeni. Nyamizi, mdogo wangu, msomee mama polepole, usiruke kitu.

Mama, malori mapya ya hapa kazini yana kioo kinachoonyesha ramani, kinaleta ujumbe, kinapokea simu. Kabla hujakabidhiwa lori, unapimwa kama kioo hicho kinakuharibia uendeshaji. Unakaa chumbani kwenye gari lisilo na magurudumu, barabara ni picha tupu, kamera inakutazama macho. Ramani nimeiweza. Ujumbe nimeuweza. Kilichonimaliza ni simu, kwa sababu wanampigia mtu wako wa nyumbani. Zile simu zetu mbili zilikuwa za mtihani, mama. Nilikatazwa kukuambia, na kwa simu nikisikia sauti yako sitaweza kulisema hili, ndiyo maana naandika.

Ile ya kwanza, uliposema, "Maganga, umekula?" nilikuamkia, na mikono ikaachia usukani yenyewe, nikakupigia makofi ya heshima kama ulivyotulea. Loo! Nikamgonga mtoto. Wa kwenye picha, lakini sikulala. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ya pili nikaushika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa fahali. Ukaniambia mguu umevimba tena, chooni unakwenda kwa kutambaa. Macho yakajaa machozi, kamera haikuyaona tena, gari likaingia mtaroni.

Dada anayetupima ana huruma. Alisema, "Maganga, unaendesha vizuri mpaka mama yako aongee." Imebaki mara moja tu, Alhamisi ya wiki ijayo. Nikishindwa narudishwa, na ng'ombe wa marehemu baba waliishia kwenye safari hii. Nitarudi na nini? Dawa zako nitazitoa wapi? Naogopa, mama, hata chakula hakipiti.

Nimeuliza. Simu isipopokelewa, mashine itaniuliza maswali yenyewe. Mashine naiweza, haina mguu unaovimba.

Nisalimie mjomba Kulwa, mrina asali, asichoke kukubeba kwa baiskeli kwenda hospitali. Na shangazi wa vitumbua, mwambie bado namkumbuka kila asubuhi.

Basi, mama, Alhamisi simu ikiita, usipokee. Hata iite mara ngapi. Nyamizi, mshike mikono. Huku nitakuwa naomba usipokee, na nitakuwa natega sikio labda umepokea.

Mwanao asiyekusahau,
Maganga