Tisa Wenye Vipingili Saba

Jumatatu, 8 Machi 1982
Nimewahesabu tena kabla ya chai. Miguu-mirefu arobaini kutoka msitu wa Kakamega. Watu huwaita buibui. Si buibui: mwili kipande kimoja, hauna kiuno, macho mawili tu juu ya kinundu. Thelathini na mmoja wana vipingili kumi na viwili kwenye unyayo wa mguu wa pili. Tisa wana saba. Saba, kila mmoja. Hiyo ni jenasi nyingine.

Jumanne, 9 Machi
Daktari (wa vitabu, si wa sindano) hakugusa hata darubini. Eti hao tisa ni watoto wa wale wengine, wakikua vipingili vitaongezeka. Orodha ya wadudu inaenda ng'ambo kwa posta Ijumaa. Bila ushahidi wanarudi chupa moja na wenzao. Miaka kumi na minne nimo kwenye maabara yetu. Niliingia nikiosha chupa. Nikifungua mdomo anaona darasa la saba tu. Imeniuma. Nimewabeba hao tisa nyumbani, mtaa wa Jericho, ndani ya chupa yao ya spiriti. Lenzi ninayo yangu.

Jumatano, 10 Machi
Maafa. Nimetoka kazini, chupa tupu. Mke wangu, Mama Ayuma, alinusa spiriti, akadhani nimeanza kunywa chang'aa. Kamwaga yote mtaroni, wadudu akawaanika dirishani awaonyeshe kina mama wa kanisa.
"Na ina wadudu," akaniambia. "Ulikuwa unakunywa umefunga macho?"
Wamekauka. Miguu imekatika. Sikula.

Alhamisi, 11 Machi
Msamaha wake: chapati asubuhi, na si Krismasi. Kisha akaketi na ungo, akaokota miguu kama anayechambua maharagwe. Jiwe halimpiti huyu mwanamke. Akamshika mmoja aliyepasuka tumbo kwa kukauka.
"Baba Ayuma, huyu si mtoto."
Nikamwambia aache, si kazi yake.
"Ana mayai. Mtoto gani ana mayai?"
Lenzi. Punje nyeupe, kumi na tatu. Nimemshika mkono na unga wake wote. Nimechelewa kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Ijumaa, 12 Machi
Daktari kainama kwenye darubini dakika tano. Akauliza nimeyaonaje mayai. Nikasema mke wangu alimwaga spiriti. Hakucheka. Katoa chupa mpya, kawaandikia hao tisa mstari wao kwenye orodha. Kwenye lebo, aliyewatambua: jina langu. Anasema ni kwa muda, mpaka wakaguliwe ng'ambo. Wakague. Saba ni saba.

Jumapili, 14 Machi
Baada ya kanisa tumekaa mlangoni, viatu tumevua. Mama Ayuma ameniuliza hawa wa saba hutembeaje. Sijawahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Msitu wa Kakamega hauko mbali na kwa wazazi wake. Mvua zikianza tutapitia huko, mimi na yeye. Hatutabeba chupa. Tutawaangalia tu.