Mfuko wa Mtu Hausomwi

Kwako mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zinatoka mkononi mwangu zikiwa na moto. Natumaini hujambo, kile kifua hakikusumbui tena, na huko unakokaa unakula na kulala vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua akisimama sana kwenye meza ya pasi. Mimi pia ni mzima. Hizo ndizo salamu. Sasa unisome mpaka mwisho, usiniruke kama ulivyozoea kuziruka simu zangu.

Mchezo wako nimeumaliza. Ule wa hadithi, wa kusoma kwenye simu huku picha zikibadilika na mwenye simu akichagua amjibu nani na vipi. Nimeusoma jikoni, nimeusoma dukani nikisubiri pasi ipate moto, na sikatai, nililia mara mbili. Mashabiki wako wanasema hujui kuandika mtu mbaya. Hata mlevi wako ana mtu anayemsubiri nyumbani, hata yule mwenye nyumba mkali ana sababu ya ukali wake. Wanasema unawapenda watu. Nimeyasoma maoni yao kwa mamia, na karibu kila mmoja anamtaja Mama Dobi, yule mwanamke mnene wa duka lenye mlango wa buluu, anayekuta barua mifukoni mwa wateja, akazisoma taratibu, akajua nani ameachwa na nani anaumwa, kisha akawarudishia nguo zao pamoja na neno moja la kuwatuliza. Wanasema wangependa awe mama yao.

Mama yao wapi? Ni mama yetu. Mlango ni ule ule, na hata misumari mitatu ya kutundikia risiti umeichora. Kitu kimoja tu hukukichora, nacho ndicho kilichotulea.

Sheria ya duka unaijua. Kinachokutwa mfukoni kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha inaandikwa namba ya nguo, inafungwa, inabanwa kwa pini kwenye kola. Iwe tiketi, iwe leso, iwe karatasi iliyokunjwa, haifunguliwi. Mama alikuwa akituambia, "Mfuko wa mtu hausomwi." Miaka thelathini watu wametuletea nguo bila kujipekua kwanza, na si kwa sababu tunajua kutoa madoa kuliko wengine. Walituamini. Wewe ukamchukua mwanamke huyo, ukamfanya msomaji wa siri za watu, ukapigiwa makofi kwa utu wako.

Nikueleze yaliyotokea, maana makofi yamekuziba masikio. Mchezo haujamaliza miezi miwili tangu utoke, shabiki mmoja akautambua mlango, akapiga picha akaisambaza. Wiki hiyo hiyo wakaanza kuja. Ni watu wazuri, sitawasingizia. Walisalimia, walipanga foleni, mmoja aliomba amshike mama mkono tu. Lakini walileta nguo safi, Kifungo. Mashati yaliyokwisha kupigwa pasi, yananukia sabuni, na kila moja lina barua mfukoni. Mama alidhani watu wamechanganyikiwa. Akayafua tena, barua akazitia kwenye bahasha, akazibana kwenye kola kama kawaida.

Muuguzi mmoja alirudi kuchukua sare yake, akaikuta bahasha imefungwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama kweli haikusomwa. Mama akamjibu kwamba haikusomwa wala haitasomwa, hiyo si kazi yake. Yule dada akalia pale pale kaunta. Alikuwa ameandika habari za mtoto aliyemfia mikononi wodini, mambo ambayo hata mumewe hayajui, kwa kuwa mchezo wako ulimwahidi kwamba yuko mwanamke atakayeyasoma na kuelewa. Mama akamvutia kiti, akamwambia kama ana neno aliseme kwa mdomo, yeye ana nafasi. Walikaa saa nzima, na mimi nyuma ya mashuka nikasikia yote. Mama Dobi wa kweli ni huyo, na hukumwandika.

Hao ni wageni. Wateja wetu wa siku zote je? Mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa akituletea suti zake tangu wewe hujazaliwa, alionyeshwa mchezo na mkwewe. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Akaomba nguo zake zote, hata zile ambazo hazijafuliwa. Mama alipomuuliza kulikoni, akasema aliwahi kusahau barua ya daktari kwenye koti, na sasa anajiuliza mama amekuwa akimtazama kwa jicho gani miaka yote hii. Mama alimtolea nguo zake moja moja, akamfungia vizuri, akamshukuru. Kisha akaenda nyuma kwenye beseni, akafua peke yake mchana kutwa, nami sikuthubutu kumfuata. Baada ya hapo ameondoka wakili, wameondoka wale mapacha wa duka la viatu. Ile misumari mitatu, mmoja sasa hauna risiti hata moja.

Umempaka mama matope, na kwa kuwa matope yenyewe yamenukishwa uturi, watu wanayasifia. Nilikupigia mara nne. Ukanijibu kwa mistari miwili ya maandishi, kwamba hiyo ni hadithi tu na mama angefurahi kujua anavyopendwa. Hadithi tu! Mwalimu mkuu hakuondoka na suti za hadithi. Unawaelewa walevi wote wa dunia, unamwelewa mwenye nyumba, ila mwanamke aliyekufulia nepi hukumwelewa hata kidogo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Nyani haoni kundule, nami nimepiga kelele vya kutosha. Yule mlevi anayesubiriwa hukumtoa kichwani mwako, wala yule mwenye nyumba. Niliwatoa mimi mifukoni. Aliyekuwa akisoma ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimepewa kazi ya kupekua, na kila karatasi niliisoma kabla ya kuifungia. Halafu tukikunja mashuka, wewe umeshika ncha zako na mimi zangu, nikakusimulia, nawe ukauliza, "Halafu akafanyaje?" Utu wako wote unaosifiwa ulianzia hapo, kwenye wizi wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwa mama ni mimi. Ulijua fika kwamba ni mimi. Ukamwandika yeye.

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia wiki iliyopita, tena vibaya kuliko hivi, nikutukane na kumaliza. Kilichonizuia ni koti lako, lile la kijivu uliloliacha siku unaondoka, ukasema lifuliwe utalifuata. Miaka sita sasa. Namba arobaini na moja. Mfukoni palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, juu haina jina. Aliyepekua ni mimi, na niliisoma, Kifungo. Najua ulimwandikia mama. Najua ulimwomba radhi kwa maneno uliyomtamkia asubuhi ile ya kuondoka, na ulisema akikujibu hata neno moja utarudi. Umekulia duka lile, sheria unaijua kuliko jina lako, na bado ukaitia barua mfukoni ukitumaini kwamba kwa ajili yako ataivunja.

Hakuivunja. Nilimpa bahasha imefungwa, akaibana kwenye kola, koti akalitundika mwisho wa kamba. Kila mwaka hulipiga pasi upya ili usilikute na makunyanzi. Nami nikanyamaza, kwa sababu kumwambia kwamba barua ile ni yake kungekuwa kumwambia kwamba ninasoma. Wewe ulingoja jibu, na mama alingoja uje uchukue koti, na katikati yenu nilikuwa mimi na uoga wangu. Nilipofika pale kwenye mchezo Mama Dobi anapofungua karatasi iliyokunjwa mara nne, ndipo nilipoelewa kwa nini ulimwandika akisoma. Hasira haikuniisha. Nimeigawa tu, nusu yako, nusu yangu.

Jana nilimweleza mama yote. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alizima pasi, akanidai ufunguo wa droo ya bahasha, na tangu jana mimi ni wa kuanika tu, mifuko siigusi. Kisha akavaa viatu, na magoti yake yale akaenda kwa mwalimu mkuu, kumwambia kwamba barua yake ya daktari ilisomwa kweli, na aliyeisoma ni binti yake. Alichojibiwa hajaniambia, nami sina uso wa kumuuliza.

Aliporudi nilimletea bahasha ya koti lako. Nikamwambia hii ni yako, umeandikiwa wewe, ifungue. Aliishika muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu yake kama anavyopima iwapo pasi imekolea moto. Halafu akaibana tena kwenye kola, palepale ilipokuwa.

"Ilikuwa mfukoni mwake," akasema. "Aje na risiti. Anisomee mwenyewe."

Risiti yako uliiacha mezani siku ile. Nimeiweka ndani ya barua hii. Imeandikwa itachukuliwa Ijumaa. Haikusema Ijumaa ya mwaka gani, kwa hiyo hujachelewa kwa sheria ya duka. Na kabla hujapanda gari, waandikie mashabiki wako waziwazi kwamba mwanamke yule hasomi, hajawahi kusoma, na aliyesoma ni dada. Usinitafutie sababu kama ulivyomtafutia mwenye nyumba. Waache waniseme.

Yule muuguzi anakusalimu. Huja kila Jumamosi, siku hizi haleti nguo. Nisalimie wote unaokaa nao. Mama hakunipa salamu za kukuletea. Amesema zako ziko pamoja na koti, na duka linafungwa saa kumi na mbili.

Ni mimi dada yako,
wa kamba ya kuanikia.