Kutu ya Mei Kwenye Meza ya Randa

Jumatatu, 20 Mei 2019

Mvua, siku ya nne. Leo ni kumi na sita ya mwezi mwandamo, nimemchomea udi mungu wa ardhi mlangoni mwa karakana. Kisha nikafunga haraka bila kutazama ndani.

Mume wangu Chin-mu amepiga simu. Bado yuko mjini Hsinchu kwa binti yetu Hui-chu, karibu na hospitali. Kidonda kinakauka. Vile vidole viwili vilivyokatwa na randa ya umeme vinamwasha — vidole ambavyo havipo! Halafu akauliza yale yale ya kila siku. Nimeifuta meza ya mashine? Nimeipaka mafuta ya mbegu za chai? Kile kifaa cha kunyonya unyevu kinawaka? Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Uongo mara tatu. Kifaa kiko chumbani kwangu huku juu, kinakausha nguo.

Jumatano, 22 Mei

Bwana Tu amekuja na mwavuli wake uliovunjika mbavu. Ni fundi mwenzake Chin-mu kwa miaka thelathini, na Chin-mu amemwomba awe anapita kuangalia randa. Nilimzuia mlangoni. Nikamwambia nimeshafuta asubuhi, asijisumbue na mgongo wake ule. Akacheka, akasema shemeji amegeuka fundi sasa, mwenyewe akirudi atakuta kazi imechukuliwa. Nikampa maandazi mawili ya mvuke ale njiani.

Alishukuru sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 23 Mei

Lazima niliseme mahali, hata kama ni hapa.

Ijumaa iliyopita bati la karakana lilivuja. Tone lilikuwa likianguka katikati ya meza ya randa, karibu na kisu. Nilihamisha mbao zote, moja moja, mpaka kiuno kikakaza. Mashine nikaiacha. Nilisimama nikatazama matone yakidunda juu ya chuma. Ndoo nilikuwa nayo mkononi!

Ni mimi niliyesugua damu yake juu ya meza ile. Daktari alisema bado kidogo tu na kidole gumba kingekwenda. Na yeye, kitandani pale pale, bandeji bado mbichi, anazungumzia kabati la mteja. Nikawaza: chuma kikiliwa na kutu, ataacha. Atapumzika. Atazeeka na vidole vinane.

Kisha nikatupia nailoni juu ya mashine nisiione. Miaka thelathini na minne mke wa seremala — najua vizuri kwamba chuma cha kusubu chini ya nailoni hutoka jasho kama mtu chini ya blanketi.

Sikusahau. Nilikusudia.

Ijumaa, 24 Mei

Hui-chu amesema anamleta baba yake Jumapili.

Nimefunua nailoni. Maskini mimi. Meza nzima rangi ya chungwa, mwanzo hadi mwisho. Baba mkwe aliileta randa hii kwa mkokoteni kutoka kiwandani, Chin-mu akiwa mtoto wa kubebwa. Kila jioni ilipanguswa, kila jioni. Mimi nimeimaliza kwa wiki moja.

Nimenunua mafuta ya taa, msasa laini, waya wa kusugulia sufuria. Nimefunga msasa kwenye kibao na kusugua kwenda upande mmoja, kama nilivyomwona akifanya. Saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Kutu ya juu inatoka, inakuwa uji mwekundu. Chini yake madoa meusi. Na pale tone lilipokuwa likianguka, vishimo. Nimepitisha ukucha. Unakwama.

Jumapili, 26 Mei

Amefika. Nilimpikia supu ya samaki na tangawizi, ile ya kusaidia kidonda kufunga. Hakuigusa. Alikwenda karakana moja kwa moja, akaweka kiganja kizima juu ya meza, akakipeleka polepole mpaka mwisho. Akakirudisha. Hakunitazama.

Tu akaingia kumpa pole. Hata kiti hakukaribishwa.

"Nilikuomba jambo moja tu," Chin-mu akamwambia. "Hata mlango ulikushinda kufungua?"

Tu alinitazama mimi. Mara moja, kidogo tu.

"Nisamehe, kaka. Mvua ilinifungia nyumbani."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Midomo ilikuwa yangu, ulimi wangu. Sikusema neno. Tu akaondoka bila kusindikizwa.

Jumatatu, 27 Mei

Asubuhi nimekwenda kwa Tu. Alikuwa uani ananoa patasi. Nikamuuliza kwa nini alinibebea kosa langu. Aliendelea kunoa kwanza.

"Nailoni niliiona dirishani, shemeji. Ningeweza kusukuma mlango, usingenizuia. Sikusukuma. Vile vidole ni mimi niliyeviokota sakafuni." Akapuliza patasi. "Kwa hiyo nusu ya kutu ile ni yangu."

Akanieleza pia: doa jeusi halina neno, mbao itapita tu. Shimo ndilo la kuangaliwa, lisiachwe na kingo zilizoinuka. Jiwe la kunolea na mafuta, taratibu. Halafu nta. Wala tusione haya kumwita.

Nimemwambia Chin-mu wakati wa chakula cha mchana. Yote. Ndoo, nailoni, maandazi ya Tu. Nimemwambia na kwa nini. Alikula wali wake mpaka punje ya mwisho. Nikangoja. Aliosha bakuli kwa mkono mmoja, akalifudikiza, akashuka karakana.

Sasa saa tisa. Niko juu, naandika. Kibao cha msasa kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza. Nimesikia kikianguka mara mbili. Sikuthubutu kwenda. Kama angenitukana ningejua pa kusimama.

Sasa kimenyamaza kabisa. Ananiita.

"Siok-hun! Shuka. Kinateleza hiki, mkono mmoja hautoshi."

Si sauti ya hasira. Wala si ya msamaha. Sijui ananiita mimi au anaita mkono tu —

Ameita tena.