Nyumba ya Juu Niliyowaonyesha Wakwe

(Mwenye barua hii nilimjibu kwa posta kwanza, kwa kuwa meli haingoji gazeti. Sasa ameniruhusu niichape. Majina nimeyageuza. Bi Mwanaarusi.)

Mombasa, 1 Juni 1956

Mpendwa Bi Mwanaarusi, naomba msaada wako upesi, kwa kuwa nimebakiwa na siku kumi na tisa tu na tangu asubuhi sijakaa kitako, nakalia kiti hiki nainuka, naenda dirisha la bandarini, narudi dirisha la mjini, nikiwa juu nataka kushuka, nikishuka nataka kupanda, mpaka Godana, mlinzi wa mlango wa chini, ameniuliza kama nina homa.

Mimi ni Gunga, fundi seremala, umri wangu miaka ishirini na saba, wazazi wangu ni Wagiriama waliohamia upande wa Garsen mimi nikiwa naanza kutembea, na hapa Mombasa nakaa chumba kimoja cha Majengo pamoja na mafundi wenzangu wawili. Mwaka jana tajiri mmoja, Bwana Tahir, alinunua jengo la ghorofa nne karibu na barabara ya Kilindini, na ile ghorofa ya juu kabisa, iliyokuwa stoo ya magunia na makao ya popo, akataka igeuzwe nyumba yake ya kuishi, nyumba ya fahari, na kazi yote ya mbao nikapewa mimi, milango, makabati, fremu za madirisha, miezi minane, Bi Mwanaarusi, na sasa sakafu ni ya terazo, bafuni maji ya moto yanatoka bombani, kuna friji, na vioo vimezunguka pande zote, ukisimama ukumbini waona meli za Kilindini, na mapaa ya Mji wa Kale, na minara ya misikiti, na feri ya Likoni inakwenda na kurudi haitulii, kama mimi.

Kazi ilipokwisha Bwana Tahir akaenda Bombay kumwoza binti yake, akaniachia ufunguo niwe nafungua madirisha harufu ya vanishi itoke. Lakini kabla hajaondoka alimleta mpiga picha, na huyo mpiga picha akaniambia nikae kwenye kiti kikubwa apime mwanga, akanipiga, akanipa nakala moja, nami nikaituma kwa mama yangu. Nyuma yake niliandika maneno manne tu: "Mama, hapa ndipo nilipo." Sikuandika kwamba ni kwangu. Naapa sikuandika.

Garsen wakaisoma kwa namna yao. Mama alimwonyesha mwenye duka, mwenye duka akawaonyesha abiria wa basi la Lamu, ikazunguka mpaka ikamfikia Mzee Kadenge, baba yake Tamar, msichana ninayemtaka. Mwaka juzi nilipeleka wazee wangu kwa mzee huyo kuposa, akawarudisha na maneno haya: "Binti yangu haolewi na mtu ambaye nyumba yake ni sanduku la misumari." Sasa akaniandikia yeye mwenyewe, akiniita mwanangu, ati mkewe, Mama Mbodze, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, wangependa kumleta hospitali Mombasa, na wangefurahi kufikia kwa mkwe wao. Bi Mwanaarusi, lile neno mkwe nililisoma mara ishirini. Ningesemaje hapana?

Wakaja, mzee, mkewe na Tamar. Nilimwomba Godana asiseme kitu, naye ni Muorma wa kwetu, nikadhani atanihurumia, akanijibu, "Mimi nalinda mlango. Uongo wako ulinde mwenyewe." Tukapanda. Mzee Kadenge aliwasha na kuzima taa ya bafuni mpaka nikaogopa itaungua. Mama Mbodze hakuona chochote, alivua viatu, akakanyaga sakafu polepole, akasema, "Baridi kama udongo wa mtoni maji yakitoka. Tamar, niambie, nje kuna nini?" Tamar akamshika mkono, akampeleka dirisha kwa dirisha akimsimulia, meli hii, paa lile, na mimi nyuma yao nikajiona mfalme, nikasahau kabisa kwamba humo ndani changu kilikuwa mswaki peke yake.

Siku ya pili Tamar alifungua kabati la chumbani. Mlikuwa na makoti ya Bwana Tahir, naye ni mtu mnene, koti lake moja latutosha mimi na mtu mwingine. Akalifunga. Akaniuliza, "Makabati haya umeyatengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Na milango yote?"

"Yote."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, akasema, "Hakuna hata mahali panapokwaruza," kisha akaenda kumpikia mama yake uji. Sijui kama alifahamu. Siku ya kuondoka, tukiwa kwenye basi, aliniambia, "Njoo Garsen, Gunga, tuzungumze huko chini," nikadhani anasema mambo ya harusi.

Daktari amesema Mama Mbodze afanyiwe operesheni mwezi wa Julai, na akae karibu na hospitali miezi mitatu. Mzee Kadenge amekata shauri, watahamia kwangu wote. Juzi nimepata barua yake, mahari niliyompelekea ameipokea, shamba lake la ukingoni mwa mto, alilolifyeka kwa mikono yake, amemwachia mpwa wake Iha, maji yakipungua tu Iha anapanda, na harusi ifanywe huku huku juu ili watu waone. Na jana imefika simu ya maandishi, nisafishe nyumba, meli ya Bwana Tahir inatia nanga tarehe ishirini.

Nimefikiri njia tatu. Niseme nyumba nimeiuza. Au niseme ilikuwa ya ubia na mbia wangu amenigeuka. Au nikimbilie Dar es Salaam, nasikia huko wanataka mafundi, nisionekane tena. Nampenda Tamar, na hilo si uongo. Niambie nishike njia ipi, nami nitaishika.

Ni mimi, Gunga, nisiyetulia.

*

Mwanangu Gunga,

Umeniletea njia tatu na zote zatokea mlango wa uani. Wataka nikuchagulie uongo ulio mzuri? Kazi hiyo siifanyi.

Huruma nakuonea, nisikufiche. Mtu aliyedharauliwa mbele ya wazee wake, kisha akaitwa mkwe kwa barua, ulimi humwia mzito. Lakini usijifiche nyuma ya maneno yako manne. Ulipoyaandika ulijua yatasomwaje, na ulitaka yasomwe hivyo hivyo. Mpiga picha hana kosa. Posta haina kosa. Mwenye duka naye mwache auze sukari yake.

Sasa nisikilize. Aibu yako ni jambo dogo. Jambo kubwa ni shamba. Mimi nimezaliwa Kipini, watu wa mto twajuana: maji yakishuka, mwenye kutia mbegu ndiye mwenye msimu. Iha akishapanda, Mzee Kadenge atakula nini mwaka huu, vioo? Mzee yule ana tamaa ya fahari, nimeiona, lakini amekuamini, na mtu akikuamini mpaka akaachia ardhi yake, huna ruhusa ya kutafuta maneno matamu.

Tena kuna macho ya mama wa watu. Ukikimbia, nani atamfikisha hospitali? Miadi ya daktari ndiyo kitu pekee cha kweli kilichopatikana katika mambo yako yote haya. Usiivunje.

Na Tamar? Ati hujui kama alifahamu! Mwanamke aone koti la kuwatosha watu wawili, kisha aulize ni nani fundi wa kabati, asiulize koti la nani? Alijua papo hapo. Alikuwekea nafasi useme mwenyewe, nawe ukajibu "Yote" ukafunga mdomo. Akakuwekea nyingine pale kwenye basi. Sikuahidi kwamba atakubali umwoe. Huenda hasira zimemjaa, na ana haki nazo. Ila huyo hakutaka dirisha la kutazamia meli, alitaka kujua anazungumza na nani.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma barua hii, panda basi la kwanza la Garsen. Usipitie kwa mama yako, utalia naye siku mbili na maji ya mto hayakungoji. Nenda moja kwa moja kwa Mzee Kadenge, mchana, Tamar na mama yake wakiwepo, na kabla hujapokea hata maji ya kunywa, sema: "Nyumba si yangu. Mimi nilikuwa fundi wake. Baba, chukua shamba lako." Usianze na mpiga picha. Ukitukanwa, inama, usijibu. Kisha rudi Mombasa umtafutie Mama Mbodze chumba cha chini karibu na hospitali. Na meli ikifika uwe bandarini, umwambie Bwana Tahir ni nani waliolala vitandani mwake, usingoje aambiwe na mlinzi.

*

Wasomaji wangu mtauliza ilikuwaje. Mwezi wa Agosti Gunga ameniandikia tena, na haya ni maneno yake:

"Bi Mwanaarusi, nilifanya ulivyosema. Mzee Kadenge alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kwa Iha saa ile ile, akamkuta ameshapanda upande mmoja wa shamba. Wameelewana, upande ule Iha atavuna yeye, uliobaki umerudi kwa mwenyewe. Mahari imerudishwa. Mimi na mzee tangu siku hiyo hatujasemezana. Bwana Tahir alichukua ufunguo, akasema kazi ya mikono yangu aipenda lakini mimi hanitaki tena nyumbani mwake. Mama Mbodze amepasuliwa jicho moja, yuko hapa Majengo kwenye chumba nilichompatia, Tamar anamwuguza. Mama Mbodze alipofunguliwa kitambaa alinitazama usoni muda mrefu, akasema, 'Kumbe u mdogo hivi.' Tamar hunisalimia, hazidishi. Lakini jana alinisimamisha uani, akaniambia kitanda cha mama yake kinalia kila akigeuka, akanipimia urefu kwa mikono yake. Sasa sijui kama naruhusiwa kufurahi."

Bado, mwanangu. Tafuta mbao ngumu, uzipige randa vizuri. Kitanda kikiisha kipeleke mchana, kikaze, mkalishe mama, sikiliza kama kinalia. Kisha uage, urudi kazini kwako, na neno la ndoa umwachie Tamar alitamke yeye.